Nilivyofika Songo Mnara kwa kuhesabu mwezi

Kila niliyemwambia naenda Kilwa alinipa ushauri uleule: damka mapema, panda boti saa moja asubuhi, saa saba uwe umesharudi, jioni uko kwenye basi la Dar. Nausema kwa uchungu kabisa, ushauri huo ndio unaowarudisha watu wakidai Kilwa ni magofu tu. Wengi wao kisiwa cha Songo Mnara hawakukigusa, na Husuni Kubwa, kasri la kale kwenye kisiwa cha Kilwa Kisiwani, waliliona kwa mbali.

Kufika Kilwa Masoko si kazi. Mabasi ya kusini unayapata Mbagala Rangi Tatu. Kama basi lako linaendelea Lindi, unashuka Nangurukuru na kupanda gari dogo. Kibali cha kuona magofu kinakatwa Masoko, bara, kabla ya kuvuka. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Hela inakwenda kwenye boti, hasa ya Songo Mnara, ambako ni mbali kuliko Kisiwani. Tafuta watu mchangie, mafuta ni yaleyale mkiwa wawili au sita.

Sasa boti. Jamaa aliyenipangia safari alisema saa mbili asubuhi, bahari inakuwa imetulia. Kutulia ilitulia. Ila usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na hilo hakulitaja. Tuliondoka maji yakitoka kwa kasi ya bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, na tulipoikaribia Songo Mnara bahari ilikuwa imeshajivuta. Mbele yetu tope, nyuma yake mikoko, magofu hayaonekani. Kijana wa boti akashika upondo akasukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Boti ikasogea kidogo, ikakaa, ikalala ubavu. Tukashuka tujaribu kwa miguu. Tope lilinifika magotini, na chini yake kuna chaza wenye makali na mizizi ya mikoko iliyosimama wima. Mwenzetu mmoja ndala yake ilimezwa na haikuonekana tena. Tukarudi botini, tukajifunika kanga vichwani, tukasubiri. Maji yaliporudi jua lilikuwa limeshageuka, upepo umeanza kuchafua bahari, na nahodha akasema hawezi kulala huko na watu. Tukarudi Masoko. Nauli tulilipa yote.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mvuvi, pale pwani, akishona nyavu. Nilimwamkia, nikamweleza. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda ya ukutani. Akatikisa kichwa. Alitaka mwezi wa angani.

Hesabu yake ni hii, na nimeihakikisha kwa macho. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo ikifika siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama, ama ya 22 au 23, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi. Hayo ni maji mafu, hayapandi juu sana, lakini hayakimbii mbali pia. Ukiondoka saa mbili siku hizo unaingia na maji yanayojaa, unatembea, unatoka kabla hayajashuka sana. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inakupa jibu ukiwa bado nyumbani. Mimi nilipanga likizo kwa hesabu hiyo, na boti ilitufikisha karibu na mikoko, tukashuka maji ya kufika shavu la mguu, tukaenda. Vaa raba kuukuu zenye kamba.

Na Songo Mnara inastahili! Ni mji wa karne ya 14 na 15, nyumba zaidi ya 30 za mawe, misikiti mitano, jumba kubwa na ukuta. Unapita mlango wa mawe ya matumbawe yaliyochongwa, unaingia ukumbini, unavuka chumba hadi chumba, na kingo za mawe bado zimenyooka. Nilipitisha kidole kwenye ukingo mmoja nikakuta mistari ya matumbawe yenyewe, kama alama za vidole. Mwombeni kiongozi asiharakishe.

Kisiwani nenda siku nyingine, ni karibu. Usikubali kuonyeshwa ngome iitwayo Gereza na Msikiti Mkuu ukaambiwa basi. Msikiti ule sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, ile kubwa yenye kuba iliongezwa karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu mji huu miongoni mwa miji mizuri kabisa. Wareno waliuvamia mwaka 1505. Ila kilichonishika mimi ni Husuni Kubwa, juu ya mwamba: vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane, linalotazama bahari. Nilisimama pale nikajaa fahari. Waulize pia wenyeji hadithi ya kisiwa kununuliwa kwa nguo ya kukizunguka chote. Watakusimulia vizuri kuliko ninavyoweza kuiandika.

Ukiwa bado na nguvu, malizia Kilwa Kivinje. Hakuhitaji boti wala kuhesabu mwezi, ni gari tu kutoka Nangurukuru. Kuna majengo ya Wajerumani yanayobomoka, na kuna Mwembe Kinyonga, palipohusishwa na kunyongwa kwa waliowapinga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, na inaniuma kwamba wengi wanaoshuka Nangurukuru hawajawahi kulisikia jina lake. Mtafute mzee wa mji akupeleke, umpe chochote cha ahsante.