Siku moja mashambani Toscana, meli ikitungoja Livorno

Abiria wengi wa meli za kitalii wakifika bandari ya Livorno, mkoani Toscana, Italia, hupanda mabasi kwenda Pisa kuuona mnara ulioinama, au Firenze kwenye makanisa na michoro. Mwanangu ni muuguzi Ujerumani, na ndiye aliyenilipia safari hii ya Bahari ya Mediterania. Aliponiuliza nichague wapi kati ya huko kuwili, nikamwambia nataka kuona watu wanavyolima. Nimefanya kazi ya ubibi shamba Kilolo na Mufindi, mkoani Iringa, mpaka nikastaafu. Nchi ngeni naielewa vizuri nikianzia shambani.

Livorno ni bandari ya mizigo. Hairuhusiwi kutembea kwa miguu katikati ya makontena, kwa hiyo kuna basi linalowatoa abiria gatini hadi mjini, na huko ndiko tulikokutana na mwenye gari letu dogo. Wakati tunamsubiri, tukatembea hadi kwenye sanamu moja karibu na bandari. Juu amesimama mtawala wa zamani wa Toscana, Ferdinando wa Kwanza, wa marmaru nyeupe. Chini yake, kwenye pembe nne, wamekaa wanaume wanne wa shaba, mikono imefungwa minyororo nyuma ya mgongo. Ni mateka waliokamatwa baharini, na mmoja wao ni Mwafrika kabisa, sura yake ungeweza kukutana nayo stendi ya Ipogolo. Fundi Pietro Tacca aliwamaliza mwaka 1626. Wanaitwa Wamori Wanne; Wamori ni jina la zamani la Waislamu wa Afrika Kaskazini. Fundi alikuwa hodari kupita kiasi, kwa sababu shingo ya yule kijana inaonyesha kila msuli wa mtu anayejaribu kugeuka ashindwe. Nilisimama pale mpaka mwanangu akaniita, "Mama, gari limefika." Natamani kila Mwafrika anayeshuka Livorno apitie hapo kwanza kabla ya kwenda kokote.

Safari ya kuelekea vilimani ilichukua zaidi ya saa moja. Ulikuwa mwisho wa Oktoba, zabibu zimekwisha kuvunwa, majani ya mizabibu yamegeuka manjano na mekundu. Kila mteremko una zao lake: huu mizabibu, ule mizeituni, pasipofaa kulima wameacha msitu. Penye mwinuko mkali wamejenga kingo za mawe matupu bila saruji kuzuia udongo. Miaka mingi nimewahimiza watu wa Kilolo wachimbe makinga maji na kupanda matete kwenye kingo, na najua kazi iliyo nyuma ya mteremko usiomomonyoka. Watalii wenzangu walikuwa wakisema nchi ile ni nzuri kwa asili. Uzuri ule umejengwa kwa mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya watu ambao ardhi haikuwa yao. Nitafika huko.

Mtu aliyekulia karibu na Tosamaganga, misheni ya Iringa, kama mimi hawezi kushangaa sana mashambani Toscana. Vigae vyekundu, kuta nene, kanisa limekaa juu ya kilima na njia ya miti kuliendea. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901, waliingia Iringa mwaka 1919, na wakajenga kama walivyojua kwao. Hata misaipresi ipo, ila ya Toscana ni myembamba, imesimama wima mstari mmoja hadi mlangoni mwa nyumba, si ile yetu ya kukata uzio.

Kituo cha kwanza kilikuwa San Gimignano, mji mdogo wenye minara ya mawe. Zamani ilikuwa kama sabini na miwili, kila familia tajiri ikitaka kuipita nyingine kwa urefu. Leo imebaki 14, na mrefu kuliko yote una mita 54. Mji ulitajirika kwa sababu mahujaji wa kwenda Roma walipita hapo, na kwa biashara ya zafarani. Tauni ya mwaka 1348 ikaua watu wengi, mji ukafilisika, ukaingia chini ya Firenze, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, minara ikabaki. UNESCO wakauandikisha kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990.

Ni mahali pazuri, na sitasema vinginevyo. Lakini ndani ya kuta zile ni duka baada ya duka: mikoba ya ngozi, aiskrimu, chupa za divai, sumaku za kubandika kwenye friji. Uwanjani penye kisima cha zamani tulijaa wageni watupu tukipigana picha. Nilitafuta mtu wa pale nimsalimie, nikapata wauzaji tu, nao walikuwa na haraka. Saa moja ilitosha.

Siku yenyewe ilianzia shambani, kilomita chache nje ya mji. Tulikuta nyavu zimetandazwa chini ya mizeituni, watu wanachana matawi kwa vireki vidogo vya mkono, zeituni zinanyesha juu ya nyavu. Mimi mzeituni nimeusikia tangu utoto, kila Juma Kuu tunausoma, na sikuwahi kuushika. Jani lake juu ni kijani cha vumbi, chini ni jeupe kama fedha, upepo ukipita shamba zima linabadilika rangi. Mti wenyewe wanaupogolea ukawa wazi katikati ili jua liingie, kama tunavyofundisha kwenye parachichi, na watu hawasikii.

Zeituni hawazitii kwenye magunia. Wanatumia kreti zenye matundu, kwa sababu zikirundikana zinapata joto, zinaanza kuchacha, na mafuta yanaharibika. Zinakamuliwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanaijua presha hiyo ya kuvuna asubuhi na kumenya jioni.

Mtambo wa kukamua ulikuwa hapo hapo. Feni inapuliza majani, maji yanaosha, kisha tunda linasagwa zima na kokwa yake. Ule uji mzito wa zambarau unakorogwa polepole kama nusu saa, na joto lisizidi nyuzi 27, maana likizidi mafuta yanaongezeka lakini harufu na ladha vinapotea. Halafu mashine inazungusha kwa kasi, inatenga mafuta, maji na mashudu. Kilo mia moja za zeituni zinatoa kama kilo 15 za mafuta, mwaka mwingine pungufu. Yakatoka kwenye bomba, kijani kabisa, yananuka kama majani yaliyofyekwa sasa hivi. Mama mwenye nyumba akachoma mkate motoni, akausugua kitunguu saumu, akaumwagia mafuta mpaka yakatiririka, chumvi kidogo juu. Ukimeza, kooni panawaka kama pilipili. Nilikohoa, wote wakafurahi: kumbe kuwasha huko ndiyo alama ya mafuta mapya. Mkate wao wenyewe hauna chumvi hata chembe.

Chakula cha mchana kilikuwa supu ya mkate wa jana, maharage meupe na mboga nyeusi ya jamii ya sukuma wiki, iliyopikwa jana na kuchemshwa tena leo. Hayo ni makande. Chakula cha watu waliokuwa hawatupi kitu, na wageni wamevuka bahari kuja kukilipia.

Mama yule anajua Kijerumani kwa ajili ya wageni, hivyo mwanangu akawa mkalimani. Mama mkwe wake, bibi wa makamo makubwa, alikuwa mezani nasi akichambua majani yaliyobaki kwenye kreti. Akaniuliza kwetu nalima nini. Nikamwambia mahindi na maparachichi. Akauliza, "Na nusu mnampa nani?"

Sikumwelewa mpaka walipoeleza. Karne na karne wakulima wa Toscana waliishi kwenye nyumba ya mwenye ardhi na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Bibi huyo amezaliwa ndani ya utaratibu huo. Mikataba mipya ya namna hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1964, na wakati huo vijana walikuwa wameshaanza kukimbilia viwandani, nyumba za mawe zikabaki tupu, paa zinaanguka. Nikamjibu kwamba shamba langu ni langu, ila wapo wanaokodi na kulipa kwa magunia. Akatikisa kichwa kwa kuelewa.

Mwaka 1985 Italia ikatunga sheria ya utalii wa mashambani, na kifungu kimoja nilikiandika kwenye daftari langu: anayeruhusiwa kulaza na kulisha wageni kwa jina hilo ni mkulima, na kilimo lazima kibaki kazi yake kuu. Ukiacha kulima, unapoteza sifa. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kwa macho kati ya mji wa minara na meza ile. Kule vimebaki vya kutazamwa na kununuliwa. Huku tulikuta watu kazini, wakatusogezea kiti.

Tangu nirudi nawaza magari ya wageni yanayotoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Yanapita jirani na Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894, mengine hayasimami, na abiria wamebeba chakula kwenye maboksi kutoka mjini. Mbeya ni vilevile: mgeni anapelekwa Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu, na migomba, chai na kahawa ya Rungwe anaiona kupitia dirishani. Wanaokuja kuhubiri utalii vijijini huanza na mpango wa hoteli. Mimi naona tuanze na mkulima, meza yake na choo safi, na mgeni akute kazi inaendelea.

Nimeshaongea na akina mama wa kikundi kimoja nilichokuwa nakihudumia Kilolo. Wao wataendelea na mashamba yao kama kawaida. Mgeni atafuatana na mgema asubuhi kwenye mianzi, aone chipukizi linavyokatwa ncha na mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu, inavyofungwa, aonje ulanzi, pombe ya mianzi, ungali mtamu wa asubuhi, kisha ale maharage na mboga za bustani ile ile aliyopita. Ulanzi unataka mvua, kwa hiyo tunaanza Januari. Anayetaka kuja aniandikie wiki moja kabla, aseme wako wangapi na kama kuna watoto, maana akina mama wanataka kujua waloweke maharage kiasi gani.