Nilivyoacha tabia ya kuvuta bolti nusu

Mwaka wangu wa kwanza kujifunza uwindaji kwenye kitalu kimoja upande wa Rungwa nilikuwa najiona bunduki naijua, maana shabaha nilikuwa napiga fresh tu nikiwa nimeegemea mfuko wa mchanga. Siku hiyo hata haikuwa nyati, ilikuwa kongoni wa nyama ya kambini, risasi ya kwanza ikaenda chini, nikavuta bolti (kile chuma chenye mkono kinachotoa ganda na kuingiza risasi nyingine) harakaharaka, ganda likaruka, nikasukuma, nikafyatua... kah! Chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, tupu. Mzee aliyekuwa ananifundisha akammalizia kwa bunduki yake. Hakunigombeza, alisema tu "kijana, angekuwa mbogo huyu saa hizi tunakushona".

Kosa ni kwamba sikuvuta mpaka mwisho. Bolti isiporudi nyuma yote haiifikii risasi inayofuata kwenye magazini, inapita juu yake na kufunga hewa. Na ukiwa na presha mkono unafupisha wenyewe bila kukuambia.

Basi kila jioni nikawa na zoezi. Risasi za kweli zote naziacha kwenye boksi ndani ya gari, naangalia chemba kwa macho halafu naingiza kidole cha mwisho kabisa kuhakikisha (usicheke, watu wamekufa kwa "haina kitu hii"), mtutu naelekeza kwenye kichuguu, ndo naweka risasi bandia zisizo na baruti. Kitako hakitoki begani, hapo ndo wengi tunapokosea, tunashusha bunduki tuangalie bolti kama vile itatoroka. Mkono wazi, unanyanyua kwa kiganja sio kubana kwa vidole viwili, unavuta mpaka igonge, unasukuma kwa nguvu ileile, jicho liko kwenye kichuguu. Wiki ya kwanza polepole kabisa, mara thelathini, kiganja kikatoka malengelenge. Baadaye nikawa naweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu nafyatua, ikidondoka najua nimevuta trigga kwa pupa.

Kuhusu bunduki yenyewe, ile ya kuazima ilikuwa ya aina inayosukuma risasi tu mbele, haiishiki mpaka bolti ifunge. Mzee na wenzake wote wana Brno 602 za zamani au Mauser, ambazo ukucha mpana wa bolti unaidaka risasi kitakoni ikitoka tu magazini, ufundi wa tangu miaka ya 1890 huo. Nikatafuta CZ 550 iliyotumika, nayo ya ukucha, ya risasi saizi .375 H&H, kwa sababu nyati huku huendi na chini ya hapo. Habari za kibali ni stori ya siku nyingine. Kabla ya kulipa nilipitisha risasi bandia magazini nzima, polepole, haraka, mpaka nikailaza ubavu, hazikukwama. Bolti ilikuwa inakwaruza kama mlango wa bati ila mazoezi yenyewe yakailainisha. Na nikahakikisha ina shabaha za chuma juu ya mtutu za kulengea kwa jicho tupu, darubini kwenye gari linaloruka mashimo siiamini sana.

Msimu uliofuata, Oktoba, jua kali, mgeni akajeruhi dume la nyati likaingia kichakani. Lilipotoka tulifyatua mimi na mzee. Kuvuta bolti sikumbuki kabisa, niliona tu maganda yangu mawili chini. Mzee akayaangalia, akauangalia mkono wangu, akaomba maji.