Siku moja kwenye maabara ya damu za wajawazito

Ukimwambia mtu kwamba tunatafuta dalili za kifafa cha mimba kwenye damu miezi kadhaa kabla presha haijapanda, anadhani kazi ni kubonyeza mashine na kusoma jibu. Mashine ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kuiwahi damu.

Saa 12:30 asubuhi. Kukagua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kupoza sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu ili itengane) hadi nyuzi 4, kubandika lebo.

Saa 2:00. Kliniki inaanza. Tunahitaji mimba za wiki 11 hadi 15, na wiki zihakikiwe kwa utrasaundi, kwa sababu kumbukumbu ya hedhi hukosea na metaboliti nyingi, yaani kemikali ndogondogo za mwili tunazozipima, hubadilika kadiri mimba inavyokua. Damu inaingia kwenye chupa ya kizibo cha zambarau (yenye EDTA, inayozuia damu kuganda), inajazwa hadi alama, inapinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 bila kutikiswa, kisha inazamishwa kwenye barafu yenye maji. Muuguzi anaandika saa ya kutoa damu na saa ya mlo wa mwisho. Mama aliyetoka kunywa chai ya maziwa na chapati ataonyesha mafuta ya chapati.

Saa 4:00, sanduku la kliniki ya mbali halijafika. Saa 4:40, bado.

"Kaka, uko wapi na sanduku?"

"Nimeshafika, dada, niko hapo tu."

Hiyo "hapo tu" ya boda ina gharama. Chembe nyekundu zikiwa ndani ya chupa zinaendelea kula sukari na kutoa laktati. Damu isiyotenganishwa, ikikaa nje ya barafu, hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya glukosi kila saa. Chembe zikipasuka kwa mtikisiko wa barabara, hali ni mbaya zaidi: kimeng'enya cha arginase humwagika na kugeuza arginini kuwa ornithini. Na arginini ndiyo malighafi ya naitriki oksaidi, inayolegeza mishipa ya damu, kwa hiyo ni miongoni mwa vitu tunavyovifuatilia. Barabara mbovu inaweza kutengeneza "dalili" ambayo mama hana. Kliniki ya mbali ikiwa ndiyo yenye kesi nyingi, kompyuta itajifunza kutambua umbali na sisi tutashangilia kwamba imetambua ugonjwa.

Sanduku likifika, barafu imeyeyuka nusu. Tunazungusha kwa nguvu ya 2,000 g (mara 2,000 ya mvutano wa dunia), dakika 10. Plazma (maji ya damu yanayobaki juu) mbili zina wekundu wa juisi ya ukwaju iliyozimuliwa. Zinawekewa alama na saa zake halisi zinaandikwa. Kuficha ucheleweshaji ni kosa kubwa kuliko ucheleweshaji wenyewe. Nyingine zinanyonywa bila kugusa utando wa chembe nyeupe na kugawanywa mikrolita 250 kwa kila kichupa.

Mchana unapotea kwenye pipeti. Mikrolita 100 za plazma, 400 za methanoli baridi yenye viwango vya ndani (kemikali za kulinganishia), kutikisa, kuacha protini zigande, kuzungusha tena, kuchukua maji ya juu. Kidole gumba kinauma.

Muuguzi anapiga simu: mama mmoja wa asubuhi anauliza jibu lake. Hakuna jibu la kumpa. Mwaka 2010 utafiti wa SCOPE, wa kimataifa kwa wajawazito, ulionyesha metaboliti 14 za wiki ya 15 zikitenganisha vizuri waliougua na wasiougua, lakini hadi leo kipimo cha namna hii hakijawa cha kawaida kliniki. Aspirini ya dozi ndogo anaandikiwa kwa historia yake na presha yake, na inafaa ianze kabla ya wiki ya 16. Hilo lisisubiri maabara yetu.

Jioni, vichupa 80 vinapangwa kwa bahati nasibu, vya waliougua baadaye na vya wasiougua vikichanganywa, na kila baada ya 10 kinaingia kichupa cha mchanganyiko wa ukaguzi, wa kuonyesha kama mashine imeyumba. Dakika 15 kila kimoja ni saa 20 kabla ya kuhesabu ukaguzi. Umeme ukikatika na betri ikashindwa, mashine ya kupimia inapoteza ombwe na foleni nzima inarudiwa.

Betri imejaa. Tunawasha.