Saa 10 alfajiri hadi saa 2 usiku: siku ya kupima sifa za miti msituni

Ratiba ya kazi hii, ya kupima jinsi miti inavyostahimili ukame na joto, hupangwa na mti. Ukichelewa saa moja, kipimo ulichokifuata hakipo tena hadi kesho.

Saa 10 alfajiri. Usiku stomata, vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, hufunga kwa sehemu kubwa, na maji hupanda taratibu mpaka mvuto wa maji ndani ya mti ukaribiane na ule wa udongo. Ndiyo maana kipimo cha kabla ya jua husema mizizi inapata maji kiasi gani. Jani huvalishwa mfuko wa plastiki kwanza, ndipo likatwe. Likikatwa wazi hupoteza maji ndani ya sekunde chache na namba huwa ya uongo. Kikonyo hukatwa mara moja tu kwa wembe, hupitishwa kwenye raba ya chemba ya shinikizo, kisha gesi ya naitrojeni huongezwa polepole huku mtu akitazama ncha iliyokatwa, iliyobaki nje, kwa lenzi, kutoka upande na si kwa kuinamia chemba. Tone la maji likichomoza, soma geji: shinikizo hilo ni sawa na mvuto wa maji ndani ya jani, na huandikwa kwa alama ya kutoa. Msimu wa mvua namba ya alfajiri kwa kawaida huwa karibu na sifuri. Mchana wa kiangazi inaweza kushuka kupita −2 megapaskali (kizio cha shinikizo). Miti yenye utomvu hudanganya: utomvu hutangulia kutoka. Ufute kwa karatasi laini, subiri maji yatoke kwenye mbao yenyewe.

Saa 1 asubuhi. Unene wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mizizi iliyosimama kama kuta, panda hadi sentimita 50 juu ya inapoishia, na uandike urefu huo. Mimea inayotambaa kwenye shina huinuliwa, haipimwi pamoja nalo. Miti mingi mikubwa hunenepa milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo tepu iliyolegea kidogo inaweza kumeza ukuaji wa mwaka mzima. Alama ya rangi kwenye shina ni ya lazima.

Saa 3. Majani ya juu kabisa, yanayopigwa na jua, hushushwa kwa manati na kamba au kwa mpandaji. Jani la kivulini ni jembamba na pana kwa uzito wake. Ukilichanganya na la juani utaonyesha tofauti ya spishi ambayo kwa kweli ni tofauti ya mwanga. Angalau miti 5 kwa kila spishi, majani yaliyokomaa, yasiyoliwa na wadudu. Hutiwa kwenye mfuko wenye karatasi mbichi ndani ya sanduku la baridi, bila kugandishwa.

Saa 6 hadi saa 8 mchana. Hii ndiyo kazi yenyewe. Chemba hurudiwa kwa miti ile ile ya alfajiri, jua likiwa wazi. Wingu likipita, subiri. Tofauti ya namba mbili huonyesha mti unavutwa kiasi gani. Swali la pili ni lini utashindwa: mvuto ukizidi, hewa huingia kwenye mirija ya maji, mapovu huiziba, na tawi hukauka. Uchambuzi wa spishi 226 za miti ya misitu duniani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 huishi chini ya megapaskali 1 kutoka kwenye mpaka wa madhara, iwe miti ya maeneo yenye mvua nyingi au ya maeneo makavu. Msitu kuwa mbichi si kinga.

Wakati huo huo waya mwembamba wa kupima joto hugusishwa upande wa chini wa jani. Mti unaofunga stomata ili kuokoa maji hupoteza pia njia yake ya kujipoza, na jani pana huzidi kupata moto kuliko hewa. Karibu na nyuzi 46.7 za Selsiasi mitambo ya usanisinuru ya majani ya tropiki huanza kuharibika. Kwa hiyo ukame na joto visipimwe kama mambo mawili. Kinga ya kimoja hufungua mlango wa kingine.

Matawi ya kupimia mapovu maabara yakatwe marefu. Mirija ya baadhi ya miti hupita mita moja. Tawi fupi huwa na mirija iliyo wazi pande zote mbili, hewa hupenya bila kazi, na spishi imara huonekana dhaifu.

Saa 9 alasiri. Keekee yenye uwazi wa milimita 5 huzungushwa kuelekea kiini cha shina, ili kutoa kijiti cha mbao cha kupimia densiti, yaani uzito kwa ujazo. Ukiishia katikati, kosa ni kubwa kwa miti inayokua haraka, kwa sababu mbao yake ni nyepesi ndani na nzito nje. Ujazo wa kijiti hupimwa kikiwa kibichi, kwa kukizamisha kwenye chombo cha maji kilicho juu ya mizani bila kugusa chombo: gramu 1 inayoongezeka ni sentimita 1 ya ujazo. Kisha oveni, nyuzi 101 hadi 105, mpaka uzito usibadilike. Chini ya 100, maji yaliyoshikana na mbao hubaki na densiti hupanda isivyo haki.

Mbao nzito mara nyingi huenda na mirija inayostahimili mvuto, lakini usiishie hapo. Mbuyu una mbao nyepesi sana na huishi pakavu: hupukutisha majani na kutunza maji shinani. Densiti peke yake ingeutabiria kifo.

Saa 12 jioni. Majani ya saa 3 huskaniwa siku hiyo hiyo kabla hayajasinyaa, ili kupata eneo lake, halafu hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 70 kwa saa 72, ili kupata uzito. Andika kama kikonyo kimo au hakimo.

Saa 2 usiku. Kuingiza data. Katika jaribio la ukame kwenye msitu wa Caxiuanã, Brazil, tangu 2002 takriban nusu ya mvua ilizuiwa kufika ardhini kwenye hekta 1, na miti mikubwa ndiyo iliyokufa zaidi, sababu kuu ikiwa kuvunjika kwa safari ya maji. Ndiyo maana namba ya mti uliokufa haifutwi. Huandikwa umekufaje: umesimama, umevunjika, au umeng'oka na mizizi. Uliokufa umesimama unarudishwa kwenye jedwali la mapovu, karibu na vipimo vyake vya alfajiri na vya mchana.