Siku Tatu Kwenye Lango la Zizi

Nilifika ranchini jioni, wakati kundi likirejea kutoka malishoni, na kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata sijatua mzigo. Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya lango la zizi, mkono umeinuliwa usawa wa kifua, midomo ikimcheza bila kutoa sauti. Nikamsogelea na kumwamkia kwa heshima zote. Hakuitikia. Ng'ombe wengine kadhaa walipita, kisha akashusha mkono, akanigeukia na kusema kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Sasa itabidi tuwatoe wote tuwahesabu upya."

Wakatolewa, na kazi ile ikaendelea hadi giza likaingia. Mzee alihesabu wawili wawili, na kila walipotimia ishirini alihamisha kijiwe kimoja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hakuna aliyenikaripia, jambo lililonisumbua zaidi ya karipio lenyewe. Usiku, tukiwa tumekaa nje, alinieleza kwamba hesabu ya jioni haifanywi kwa hofu ya wezi peke yake. Ng'ombe ni mnyama wa kundi, na anayebaki nyuma mara nyingi ana sababu: anachechemea, ana homa, amenasa mahali, au anajitenga ili azae. Hesabu ikikosewa leo, sababu hiyo itajulikana baada ya siku mbili, na siku mbili kwa mnyama mgonjwa ni muda mrefu.

Siku ya pili ilikuwa ya josho. Kundi lilinyweshwa maji kwanza hadi likatosheka, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa maji ya josho, nayo yana sumu ya kuua kupe. Kisha wakapitishwa mmoja mmoja kwenye ujia mwembamba wa mbao, wakajitosa ndani ya handaki lile la saruji, wakaogelea na kupanda upande wa pili, ambako walisimamishwa kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa iliyowaganda mwilini ichuruzike na kurudi josho. Hata hivyo kila mmoja huondoka na dawa kiasi kwenye manyoya, ndiyo maana kijana mwenye dawa alikuwa akiwahesabu naye, kwa kuwa idadi ya waliopita ndiyo inayomwonyesha wakati wa kuongeza dawa ili isipungue nguvu. Baadaye alinifundisha kumkagua ndama aliyefungwa, ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye mapaja, mahali kupe wanapopenda kujificha. Kupe jike akishashiba damu hudondoka na kutaga mayai kwa maelfu. Mwaka 1893, Theobald Smith na Frederick Kilborne wa Marekani walichapisha ushahidi kwamba homa iliyokuwa ikiangamiza ng'ombe nchini mwao ilienezwa na kupe, jambo ambalo wafugaji wengi walikuwa wakilishuku zamani. Nilipomweleza kijana huyo habari hii, alitikisa kichwa na kuendelea kupekua sikio.

Pale josho ndipo nilipojifunza mahali pa kusimama. Macho ya ng'ombe yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja, na mtu anayemjia kutoka huko humshtua. Ukisimama ubavuni, nyuma kidogo ya bega, husonga mbele. Ukivuka bega kuelekea kichwani, husita au hurudi nyuma. Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani, ameandika mengi kuhusu tabia hii, lakini wachungaji wa ranchi ile waliijua kwa miguu yao. Hawakupiga kelele, na fimbo walizitumia zaidi kama kurefusha mkono. Nilipopiga hatua moja tu ya kurudi nyuma, ng'ombe aliyekuwa amegoma kwa dakika nzima akaingia ujiani mwenyewe. Sijui kama nimewahi kuona hatua ndogo ikifanya kazi kubwa kiasi hicho.

Jioni hiyo nilikaa mbali na lango, kimya. Kijiwe cha mwisho kilipohamishwa, mzee alitazama vidole vyake na kusema, "Mmoja hayupo." Kabla ya mtu yeyote kwenda kutafuta, walikuwa wameshamtambua kwa kumkosa: mtamba mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, ambaye tangu asubuhi kiwele chake kilikuwa kimejaa. Tulimkuta kwa mwanga wa tochi chini ya kichaka, akimlamba ndama aliyekuwa bado amelowa. Mzee hakumgusa ndama. Alituzuia sote kwa mbali, akasubiri hadi ndama akainuka kwa kuyumba, akaanguka, akainuka tena na kulipata titi. Ndama wa ng'ombe huzaliwa bila kinga kutoka damu ya mama yake. Kinga hiyo huipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wake huweza kuipokea vizuri katika saa chache za mwanzo, kisha uwezo huo hufifia na kwisha baada ya siku moja hivi. Kwa hiyo tulisimama pale muda mrefu, kwa ajili ya kuona ndama akimeza.

Nimewahi kutembelea mashamba ambako wageni hupangiwa ratiba, na mifugo husogezwa ili ipigwe picha. Kwa maoni yangu, mgeni wa namna hiyo hunyimwa kilicho bora. Katika ranchi hii hakuna kilichoahirishwa kwa ajili yangu, na kila nilichokiona kilikuwa kinafanyika kwa sababu ng'ombe walikihitaji saa ile.

Asubuhi ya tatu gari lilikuwa linaningoja, na kundi lilikuwa linatoka. Mzee alikuwa langoni, mkono usawa wa kifua. Nilitua mzigo wangu chini, nikasimama ubavuni mwa njia, nyuma kidogo ya usawa wa mabega yao, nikangoja. Ng'ombe wa mwisho alipopita, mzee alihamisha kijiwe, akageuka na kuniamkua yeye kwanza.