Nilivyopanga gemu zangu za zamani kwenye PC, na kwa nini nalinda sevu kuliko gemu zenyewe

Nina kama miaka minne na hii kitu sasa. Naongelea gemu za zamani, PS1, PS2, Super Nintendo, Game Boy Advance, kuziweka zote kwenye PC moja na kuzicheza kwa emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, zikakaa kwa mpangilio na mpangilio ukadumu, maana kuiwasha gemu siku ya kwanza hakuna asiyeweza, shida inakuja baadae ukishabadili diski, ukishaapdeti programu, afu unafungua gemu uliyokua umefika nayo mbali unakuta imeanza upya kama vile hujawahi kuigusa.

Mwanzo nilikopi hadi diski nzima ya jamaa yangu, maelfu ya mafaili, kila mashine, kila lugha, gemu moja ina matoleo sita. Miezi mitatu nikawa naskroli tu. Nachagua, nacheza dakika tano, natoka, nachagua nyingine, na hakuna hata moja niliyoimaliza. Na kiukweli zile hazikua zangu, haki za gemu za zamani zinabaki kwa wenyewe hata kama mashine haiuzwi tena, na hilo lilikua linanisumbua. Siku moja nikafuta zote, nikachukua boksi la CD zetu mimi na kaka yangu, zile tulizokua tunacheza utotoni, nikaanza nazo moja moja. Leo nina gemu 58 na kila moja naijua. Kama unaanza leo nakushauri uanze na kumi tu.

Kuzikopi sio kazi ngumu. CD za PS1, zile nyeusi kwa chini, zinasomeka na draivu ya kawaida ya kompyuta, mimi natumia ya USB na programu ya ImgBurn, inakupa mafaili mawili, moja la .bin kubwa lenye gemu yenyewe na lingine la .cue dogo sana. Za PS2 nyingi ni DVD kwahiyo inatoka ISO moja, yaani faili moja lenye DVD nzima, ila zipo chache za mwanzo ambazo ni CD, ukiona upande wa chini ni bluu jua ni hiyo. CD iliyokwaruzika futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, na ukiona inakwama punguza spidi ya kusoma. Nilikua na DVD moja imesomwa mpaka mwisho bila kulalamika, ila nilipopiga hashi, yaani namba ndefu inayotambulisha faili kama alama ya kidole, kwa certutil ile inayokuja na Windows, nikalinganisha na orodha ya Redump, tovuti inayotunza hashi za kopi sahihi, haikufanana. Nikairudia kwa spidi ndogo, mara ya pili ikafanana herufi kwa herufi. Tangu hapo siamini kopi yoyote ambayo sijaihakiki, maana gemu yenye kosa dogo katikati inaweza ikacheza vizuri masaa ishirini afu ikaganda kwenye video moja, na wewe utahangaika na setingi wiki nzima kumbe tatizo ni faili.

Sasa hilo faili dogo la .cue ndo lilinifundisha adabu. Baada ya kukopi zote niliamua kuzipa majina mazuri, nikabadili majina ya mafaili yote usiku mmoja, asubuhi hakuna gemu ya PS1 inayofunguka. Nikajaribu kufungua .bin moja kwa moja bila .cue, zikawaka, nikafurahi, mpaka nilipofungua Ridge Racer. Gari linakimbia, matairi yanalia, mtangazaji anaongea, ila muziki hakuna kabisa. Nikakaa na hiyo kitu siku mbili nikidhani ni setingi ya sauti. Mwishoni nikafungua .cue kwa Notepad na ndani kumbe ni maandishi ya kawaida tu, mstari wa kwanza umeandikwa FILE, jina la .bin kwenye funga na fungua semi, afu BINARY, chini yake TRACK 01 MODE2/2352, afu TRACK 02 AUDIO, TRACK 03 AUDIO, inaendelea hivo. Yaani ile .cue ndo ramani ya CD, inaiambia emuleta gemu inaishia wapi na nyimbo zinaanzia wapi, na mule ndani bado kulikua na jina la zamani la .bin ambalo halipo tena. Ridge Racer inapiga muziki kutoka kwenye CD kama redio kaseti inavyopiga CD ya nyimbo, kwahiyo bila ramani nyimbo hazionekani. Nikaandika jina jipya kwenye ule mstari mmoja, nikasevu, muziki ukarudi.

Baada ya hapo nikazigeuza zote kuwa CHD ili jambo hili lisijirudie. CHD inaunganisha .bin na .cue kuwa faili moja na kulibana bila kupoteza kitu, na ukitaka unaweza kurudisha kama ilivyokua. Kifaa chake kinaitwa chdman, kinakuja ndani ya MAME, ambayo ni emuleta nyingine, unafungua dirisha la amri kwenye folda unaandika chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd basi. Nyingine zilipungua karibu nusu, nyingine kidogo tu, inategemea ndani kuna nini. Sasa jina ukibadilisha unabadilisha faili moja na hakuna kinachovunjika.

Gemu za CD zaidi ya moja zina ujanja wake. Final Fantasy VII ni CD tatu, Metal Gear Solid mbili. Ukiziacha tatu tatu kwenye orodha, emuleta ikiwa imewekwa itoe memori kadi tofauti kwa kila faili basi CD ya pili inaweza isione ulichosevu kwenye ya kwanza. Unachofanya ni kutengeneza faili la maandishi lenye mwisho wa .m3u, ndani yake unaandika majina ya zile CHD tatu, kila moja mstari wake, afu unafungua hilo. Emuleta inaichukua kama gemu moja, ukiambiwa weka CD ya pili unachagua kwenye menyu.

Kwa emuleta zenyewe sitaongea sana. PS1 natumia DuckStation, PS2 natumia PCSX2, na zile za katriji zote nachezea ndani ya RetroArch, programu moja inayobeba emuleta nyingi. BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, niliitoa kwenye mashine zangu mwenyewe, ya PS1 ni faili la KB 512 na bila ya toleo sahihi la nchi gemu zingine zitagoma. Setingi moja tu ya PS1 ndo nitaitaja kwa jina maana inabadilisha sana, inaitwa PGXP, PS1 ilikua inalazimisha kila kona ya umbo ikae kwenye pikseli kamili ndo maana kuta zilikua zinatetemeka ukitembea, ukiwasha hiyo zinatulia. Na kama una toleo la Ulaya la gemu za enzi hizo, jua nyingi zilikua za 50Hz, yaani picha inachorwa mara 50 kwa sekunde, wakati za Marekani na Japani ni 60Hz, kwahiyo gemu ikionekana nzito sio kompyuta yako, ndivyo ilivyouzwa.

Haya, sevu. Hapa ndo naomba unisikilize vizuri.

Emuleta inakupa njia mbili za kusevu na watu wengi wanazichanganya. Kuna sevu ya gemu yenyewe, ile unayoenda mpaka sehemu ya kusevu na inaandikwa kwenye memori kadi au kwenye katriji kama zamani. Afu kuna ile ya kubonyeza kitufe kimoja popote ulipo, emuleta inapiga picha ya memori yote ya mashine kwa sekunde ile. Hii ya pili ni tamu mno, nami nilikua naitumia peke yake. Nikawa kwenye CD ya tatu ya Final Fantasy VII, masaa arobaini na kitu, sijagusa sehemu ya kusevu ya gemu tangu mwanzo mwanzo kule. Siku moja emuleta niliyokua naitumia wakati huo ikaapdeti, nikabonyeza kupakia, ikasema sevu hii ni ya toleo lingine. Nikajaribu tena, vilevile. Ile picha inategemea jinsi emuleta ilivyojengwa ndani, wakibadilisha muundo picha ya zamani haisomeki. Bahati yangu lile toleo la zamani lilikua bado linapatikana, nikaliweka pembeni, nikafungua sevu, nikakimbia mpaka sehemu ya kusevu ya kweli, nikasevu kwenye memori kadi, ndo nikarudi kwenye toleo jipya. Mikono ilikua inatetemeka.

Kwahiyo sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba kile kitufe ni cha kwenda kufungua mlango na kurudi. Kabla ya kuzima, sevu ya gemu yenyewe. Na siapdeti emuleta yoyote katikati ya gemu ndefu bila kuweka pembeni folda ya toleo ninalotumia. Sevu ya memori kadi ni faili lenye muundo uleule wa tangu mashine halisi, ya PS1 ni KB 128, emuleta nyingi zinaisoma, na naamini itasomeka hata na emuleta ambazo bado hazijaandikwa.

Mpangilio wangu wa folda ni mfupi. Folda moja ya gemu, ndani yake kila mashine na folda yake, folda ya BIOS, na folda ya sevu ambayo iko mbali kabisa na emuleta, nimeenda kwenye setingi za kila emuleta nikazielekeza huko zote. Gemu zenyewe ikitokea zimepotea CD ninazo, nitakaa siku mbili nikopi tena. Sevu ikipotea hakuna CD ya kuirudisha. Folda ya sevu inajikopi yenyewe na Syncthing, programu ya kulinganisha folda kati ya kompyuta, kwenda kwenye laptopu, na nimewasha ile ya kutunza matoleo ya zamani, muhimu sana hiyo, maana bila hiyo ukiharibu sevu huku inaharibika na kule sekunde hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi nakopi kwenye hadi diski ya nje afu naichomoa. Folda nzima ya sevu haifiki hata MB 200 kwahiyo hakuna kisingizio cha nafasi.

Kingine kilichowahi kunisumbua ni orodha za RetroArch. Zinaandika njia kamili ya kila gemu pamoja na herufi ya draivu, nikachomeka diski ikaja kama F badala ya E, orodha nzima ipo ila kila ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Yale mafaili ya .lpl ni maandishi tu, fungua kwa Notepad, badilisha E: kuwa F: kote kwa mara moja, imeisha. Afu nenda kaipe ile diski herufi ya kudumu kwenye Windows.

Nimalizie na memori kadi yetu ya kweli, ya rangi ya kijivu, iliyokaa kwenye lile boksi miaka yote. Nilikua sijui kama inaweza kusomwa na kompyuta, kumbe Sony walishatengeneza adapta ya kuchomeka kadi za zamani kwenye PS3 kwa USB, na kuna programu inaitwa MemcardRex inayoweza kuongea nayo kwenye PC. Nikaitafuta mpaka nikaipata. Nikachomeka, ikasoma polepole, zikaja nafasi 15 kwenye skrini na vipicha vyake vidogo vidogo, kila kimoja nakikumbuka.

Na nafasi moja ilikua na mstari umefifia, imeandikwa imefutwa. Nilijua ni nini kabla sijasoma. Nikiwa mdogo kadi ilijaa, nikafuta sevu mbili za kaka ili nipate pa kusevu yangu, yangu ikakaa kwenye moja na ile nyingine nafasi ikabaki tupu. Alikua Final Fantasy VII yuko karibu na mwisho, na hakuianza tena. PS1 ikifuta haigusi data, inabadilisha alama tu pale mwanzo wa kadi kusema hii nafasi ipo wazi, kwahiyo kama hakuna kitu kilichoandikwa juu yake bado iko palepale. Jina lilikua FF7/SAVE01 na mbele yake masaa aliyocheza. Nikabonyeza kurudisha, mstari ukakolea.

Nikatoa kopi ya kadi nzima kwanza, nikaiweka sehemu tatu, ndo nikaiingiza kwenye DuckStation. Gemu yetu ni ileile toleo la Marekani kwahiyo ikaikubali. Sikuifungua. Nilimpigia kaka nikamwambia Jumamosi njoo, akaja, nikampa pedi nikamwambia kaka bonyeza kuendelea. Akaangalia yale masaa, akaangalia majina aliyowapa wale watu wake, akanyamaza muda mrefu, afu akauliza kitufe cha kufungua menyu ni kipi.