Hela za bibi na ile kutu ya kijani

Jamani kabla hujakamua ndimu kwenye sarafu ya zamani naomba unisikilize, maana mimi nishaharibu moja na haitarudi tena. Ilikuwa heller 1 ya Mjerumani, ile yenye taji upande mmoja na upande wa pili namba imezungukwa na majani, rangi yake kahawia ya kuiva, nzuri kabisa, ila pembeni ya taji kulikuwa na kijani kama punje ya ulezi. Mama akaniambia "mwanangu hiyo si ni shaba tu, tia ndimu na majivu kama sufuria za shughuli", nikatia, dakika tano tu ikawa pinki. Yani pinki kama ngozi iliyobabuka, na pale penye kijani pakabaki kishimo.

Sarafu zenyewe ni za marehemu bibi, alikuwa anakaa huku Ngamiani Tanga, kazifunga kwenye mfuko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Mna heller kadhaa, mna sarafu mbili zinazoitwa pesa, za kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, zenye maandishi ya Kiarabu, moja ya 1890, mna senti tano za Nyerere zenye samaki na sumni (senti hamsini) za sungura. Hakuna ya kumtajirisha mtu hapo. Lakini hili neno hela tunalolitaja kutwa nzima limetoka kwenye heller, zilizoanza 1904, kwa hiyo nikiishika ile sarafu nahisi nimelishika neno lenyewe, na ndo maana iliniuma sana.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba kijani sio kimoja. Kuna kile kigumu, kimeshikana na shaba, laini ukipapasa, hicho kiache, ni ngozi ya sarafu na kinailinda. Kuna kinachonata kama ute, mimi nimekikuta kwenye zile ambazo mjomba alizihamishia kwenye vimfuko vya plastiki laini vya PVC, plastiki ikizeeka inatoa uchafu unaoila shaba, hicho kinatoka kwa asetoni safi kwenye glasi (sio ile ya kutolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta, na fanya mbali na jiko, dirisha wazi, inashika moto haraka). Halafu kuna kile cha kutisha, kijani cheupecheupe cha unga, ukikigusa na kijiti kinadondoka kama poda na baada ya siku chache kimerudi palepale.

Hicho cha unga watu wa makumbusho wanakiita ugonjwa wa shaba, na kwetu pwani kina chakula cha kutosha maana hewa yenyewe ina chumvi. Kloridi ya chumvi inajificha ndani ya shaba, ikipata unyevu na hewa inatengeneza asidi kidogo, asidi inakula shaba, inazaliwa kloridi nyingine, inaanza upya. Sasa we ukitia ndimu umeongeza asidi juu ya asidi! Na majivu yanakwaruza, herufi zinafutika.

Mi sasa hivi natumia maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled), yale ya kuongezea betri ya gari, ila hakikisha ni maji na sio asidi ya betri maana muuzaji asipoelewa anakupa asidi. Ya bomba hapana, nayo yana kloridi. Naiweka sarafu kwenye glasi, maji nabadilisha kila siku au siku mbili, wiki kadhaa, nikiona unga umelainika nautoa kwa kijiti cha meno cha mti, sio pini wala wembe, taratibu, kama unamtoa mtoto mwiba. Kisha naigandamiza na kitambaa cha pamba bila kusugua na naiacha ikauke kabisa kabla ya kuifunga.

Kitu kilichonishangaza, dawa wanayotumia wataalamu kutoa hiyo kloridi inaitwa sodiamu seskikaboneti, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye magadi yetu! Ila usikimbilie sokoni, magadi ya sokoni yana chumvi na udongo, utaiongezea ugonjwa.

Zile shilingi za mwisho wa miaka ya 80 zinazonaswa na sumaku usiziloweke hata kidogo, ndani ni chuma na juu ni nikeli tu, maji yakipenya zinaota kutu nyekundu. Futa kavu basi.

Kuhifadhi natumia bahasha ndogo za karatasi, moja moja, ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu, navyo vibadilishwe maana vikishashiba maji havifanyi kazi.

Mama nimemwonyesha zote mbili, ile ya pinki na nyingine ambayo sikuigusa, akazigeuzageuza mkononi kimya, akasema "basi hizi zilizobaki usimpe mtu akuoshee". Ile pesa ya 1890 iko kwenye glasi, leo siku ya kumi na tisa, maji nimebadilisha asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, na unga haujarudi.